Rimoti ya mashine ya vumbi: kuivaa, kuifunga kwenye kila mashine, au kuachana nayo

Karakana yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Kazi kubwa ni milango, vitanda na makabati. Mbao nyingi ni mtiki wa shamba la Longuza kule Muheza, na mvule inapopatikana. Tuliponunua mashine ya kufyonza vumbi tuliiweka nje, kwenye kibanda cha mabati ubavuni mwa jengo, kelele zake zisituchoshe. Mabomba yakapita juu hadi kwenye msumeno wa meza, mashine ya randa na msumeno wa mkanda. Swichi ikabaki kibandani.

Ikawa mashine ipo na vumbi lipo. Mtu anataka kupasua ubao mmoja. Kutoka nje, kuzunguka, kuwasha, kurudi, kisha kutoka tena kwenda kuzima, anaona heri apasue tu. Ubao mmoja unazaa wa pili. Jioni kope za kila mtu nyeupe.

Tukanunua rimoti. Wiki chache mambo yakawa shwari, kisha ikapotea. Tulipekua chini ya meza, ndani ya makopo ya gundi, hadi kwenye mifuko ya ovaroli zilizoanikwa. Siku ya tatu yule mama mfuga kuku wa Majani Mapana, anayechukua maranda kwetu, akapiga simu: "Mwanangu, humu kwenye gunia kuna kidude kina vitufe viwili. Si chenu kweli?" Siku zote hizo tatu tulikuwa tunapasua mvule bila kufyonza. Kijana wetu mdogo kuliko wote alivimba macho na kukohoa wiki nzima.

Tangu hapo nimeshughulika na njia nne za kuwasha mashine hiyo, nyingine kwetu, nyingine kwenye karakana za wenzangu nikisaidiana na fundi umeme. Hakuna niliyoiona haina kazi, wala hakuna inayomfaa kila mtu. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya fundi aliyekwama katikati.

Nalisema hili la afya mapema kwa sababu wengi tunalichukulia vumbi la mbao kama uchafu wa kawaida. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliingiza vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Inayotajwa zaidi ni saratani ya ndani ya pua. Na vumbi baya kuliko lote ni lile laini usiloliona, linaloendelea kuelea muda mrefu baada ya msumeno kusimama. Rimoti ikipotea, kinachofuata kinaingia kifuani.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali yaleyale matano. Mkono unaifikia bila kuacha kazi? Inapoteaje, na ikipotea kazi inasimama? Umeme ukikatika na kurudi, mashine inafanya nini? Inavumilia vipi unga wa mbao, jasho na hewa hii yetu ya chumvi? Na mwisho, fedha na matunzo. Ndani ya swali la kwanza mna LUKU pia: mashine ya kilowati 1.5 ikiachwa inazunguka saa mbili bila kazi imekula yuniti 3 hivi, na kinachofanya iachwe ni kuona uvivu wa kwenda kuizima.

Kabla ya kuchagua: kontakta

Kontakta ni swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme, iliyotengenezwa kubeba umeme wa mota. Inahusu njia zote nne, na kukosekana kwake ndiko kunakoharibu rimoti nyingi kabla hata hazijapotea. Mota ya nguvu farasi 2, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta ampea kama 10 ikiwa imeshika mwendo. Wakati wa kuanza huvuta mara tano hadi saba ya hapo kwa muda mfupi. Rilei, yaani swichi ndogo iliyomo ndani ya kipokezi cha bei rahisi (kile kisanduku kinachopokea amri ya rimoti), haikutengenezwa kwa mshtuko huo, hata kama mgongoni imeandikwa ampea 10. Midomo yake huungua kidogo kidogo, na siku moja hugandana. Unabonyeza kuzima, mashine inaendelea kunguruma.

Kwa hiyo kipokezi kiiamuru kontakta, na kontakta ndiyo ibebe mota. Dukani ulizia yenye alama ya AC-3, ambayo ndiyo daraja la kuwashia mota, ampea zake zizidi za mota yako, na uifungie ovalodi, ile kinga inayokata umeme mota ikielemewa. Aifunge fundi umeme anayejua kazi hiyo. Rimoti nayo iwe ya mashine ya vumbi peke yake. Msumeno usiuwashe kwa rimoti hata siku moja.

Njia ya kwanza: rimoti moja, inakaa mwilini

Hii ndiyo wengi tunaanza nayo. Kwa kufikika, ni vigumu kuishinda: uko kwenye msumeno, uko kwenye randa, unafagia, yote sawa. Rimoti nzuri ni ya mawimbi ya redio, kwa kawaida yale ya megahezi 433, yanayopita ukuta wa tofali. Ile ya mfano wa televisheni, inayotaka ionane uso kwa uso na kipokezi chake, kwenye karakana itakusumbua, maana jicho lake hufunikwa na unga. Hata ya redio ina adui wake, nayo ni bati. Kwetu kipokezi kilikuwa ndani ya boksi la chuma, ndani ya kibanda cha mabati, na tulikuwa tunabonyeza mara nne ndipo iitike. Tulipoutoa ule waya wake wa antena nje ya boksi na nje ya kibanda, umenyooka, sentimita 17 hivi, iliitika kwa mguso mmoja kutoka mwisho wa karakana.

Swali ni uivae wapi. Watu huitundika shingoni kwa kamba, na hilo nalikataa kabisa. Jaribu msumeno ukiwa umezimwa: inama kama unayesukuma ubao, tazama rimoti inavyoning'inia. Inatangulia mbele ya kifua chako na kuelekea kwenye meno ya msumeno. Kwenye mashine ya kukereza ni hatari zaidi, kwa sababu kinachozunguka hakiachi kamba. Ibane kwa klipu kwenye mfuko wa kifuani wa aproni, au kwenye mkanda kiunoni kwa kile kibweta chenye uzi unaojirudisha wenyewe.

Inapotea kwa kuondoka na mtu. Inakwenda kula chakula cha mchana, inakwenda msikitini Ijumaa, inalala Makorora kwenye suruali ya fundi wakati wenzake wanafungua kazi saa mbili asubuhi. Ukiwa peke yako hilo si tatizo. Mkiwa watatu ni tatizo la kila wiki. Wa njia hii awe na rimoti ya pili iliyokwishaunganishwa na kipokezi, imefungiwa kwenye droo, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja.

Umeme ukirudi, yote yanategemea kipokezi. Vingine hubaki vimezima, vingine hukumbuka hali vilivyokuwa nayo na kuwasha mashine hakuna mtu. Kwenye boksi hutaona maelezo, kwa hiyo kijaribu: washa, kata umeme kwenye swichi kuu, rudisha, tazama. Kikijiwasha, usikitumie.

Vumbi na chumvi vinaiuma njia hii kuliko nyingine, kwa sababu rimoti inashinda kwenye jasho. Tuliifungua moja baada ya masika tukakuta springi ya betri imeota ukijani na unga umeganda chini ya vitufe kama ugali mkavu. Sasa tunaivisha kifuko cha nailoni angavu, unabonyeza juu yake, kikichoka unabadilisha. Betri nyingi ni zile ndogo za volti 12. Dalili ya betri kuchoka ni kwamba unalazimika kusogea karibu zaidi kila siku, usingoje ife. Kama rimoti yako inatumia betri bapa ya kifungo na karakana iko nyumbani, kifuniko chake kikazwe kwa skrubu. Mtoto akiimeza, inaweza kumchoma umio vibaya ndani ya saa mbili.

Kwa fedha ndiyo rahisi kuliko zote. Inamfaa fundi wa peke yake, au karakana yenye mtu mmoja anayeshika mashine na wengine wako kwenye kuunga na kupiga rangi.

Njia ya pili: kila mashine na rimoti yake, imefungwa hapo

Hii ndiyo tuliyoichagua baada ya lile gunia la maranda, na nakiri naipenda, lakini ina mambo yake.

Vipokezi vingi vya sasa hujifunza namba ya rimoti. Ndani kuna kitufe kidogo. Unakibonyeza, taa inamulika, unabonyeza rimoti, imekwisha. Kimoja hubeba rimoti kadhaa. Sisi tulinunua nne: tatu za mashine, moja ya akiba. Kila moja tukaichongea kitako cha mti wa mtiki, chenye kishimo cha kuipokea na ukingo mdogo unaoizuia isichomoke, kitako kikapigwa skrubu mbili kwenye mguu wa mashine upande wa kushoto, usawa wa nyonga. Mkono wa kushoto unaifikia bila macho kuondoka kwenye ubao.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Kipokezi kina namna mbili za kusikia. Kuna ile ya kitufe kimoja: ukibonyeza inawaka, ukibonyeza tena inazima. Na kuna ya vitufe viwili, kimoja cha kuwasha tu na kimoja cha kuzima tu. Mkiwa na rimoti nyingi chukua ya pili. Fundi wa randa amewasha. Wa msumeno amevaa kinga za masikio, hajasikia, naye anabonyeza ili awashe. Kwa namna ya kwanza amemzimia mwenzake, na wote wawili wanaendelea kufanya kazi wakidhani vumbi linavutwa. Kwa namna ya pili hakuna kilichoharibika. Tuliweka pia taa ya kijani ukutani, juu ya mlango, inayowaka kontakta ikishika. Kabla ya kusukuma ubao unainua macho.

Upotevu umekwisha karibu wote, maana kilichopigwa skrubu hakiendi Majani Mapana. Ikiibiwa moja, futa namba zote kwenye kipokezi na kuunganisha upya zilizobaki. Ni kazi ya dakika chache. Umeme ukirudi, ni kama njia ya kwanza: jaribu kipokezi. Vumbi linaingia, lakini jasho haliingii, na hilo limeongeza sana uhai wa vitufe. Matunzo ni betri nne badala ya moja. Tunazibadilisha zote siku moja, na tarehe tunaiandika kwa penseli kwenye kitako.

Hatari yake ni hii, naomba isomwe polepole. Mashine ikiziba, mtu anafungua na kuingiza mkono penye feni. Kuna rimoti tatu ndani ya jengo na watu watatu wasiomwona. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Chomoa plagi, uilaze pale unapoiona, ndipo ufungue. Kwetu hilo ni sharti, na kijana mgeni analisikia siku ya kwanza kabla hajaonyeshwa msumeno.

Njia hii inafaa karakana ya watu wawili hadi watano yenye mashine zinazokaa mahali pamoja.

Njia ya tatu: ijiwashe yenyewe

Hapa hakuna rimoti. Kihisi kidogo cha mduara huvishwa kwenye waya wa msumeno. Umeme ukipita, kinaamuru kontakta ya mashine ya vumbi. Hungoja sekunde moja au mbili ili mota mbili zisianze kwa pamoja, na msumeno ukizimwa huiacha iendelee sekunde kadhaa kusafisha bomba. Mkono haufiki popote kwa sababu hauhitajiki, na hakuna kinachosahaulika. Kwa vijana wanaojifunza, sioni kitu kinachowalinda zaidi.

Kosa linalofanya watu waseme "kile kidude hakifanyi kazi" ni kuvisha kihisi kwenye waya mzima. Umeme unaokwenda na unaorudi hufutana, na kihisi husoma sifuri. Lazima kivishwe kwenye waya mmoja tu wa laini, peke yake, ndani ya boksi, na fundi umeme.

Udhaifu wake uko kwenye kazi za vipande vifupi. Unakata, unazima, unapima, unawasha. Kwa saa moja mashine ya vumbi imeanza mara nyingi sana, na kila kuanza kunaipasha mota moto. Iongezee muda wa kuzunguka baada ya msumeno kusimama, ikiwa kihisi kinaruhusu. Tena, ukifagia au ukipiga msasa kwa mashine ndogo ya mkononi haitajua uko kazini, kwa hiyo bado utataka kitufe kimoja cha mkono. Na mageti ya mabomba, yale ya kufungulia na kuzibia bomba la kila mashine, yanabaki kufunguliwa na kufungwa kwa mkono kama kawaida.

Umeme ukirudi inategemea msumeno: wenye swichi ya sumaku unabaki umezima na mashine ya vumbi nayo inabaki kimya. Wenye swichi ya kawaida iliyoachwa juu utaanza, na hilo ni janga kubwa kuliko vumbi. Chumvi haiigusi sana ikiwa boksi limezibwa vizuri. Gharama iko juu kuliko rimoti, kwani kila mashine inataka kihisi chake, lakini betri hakuna. Inafaa mahali pa kufundishia, na karakana ambayo msumeno mmoja ndio unaofanya kazi kutwa.

Njia ya nne: vitufe vya waya

Njia ya kale. Kila mashine ina kitufe cha kijani na chekundu, nyaya zinakwenda kwenye kontakta ileile. Vya kijani vimeungwa sambamba, vyekundu kwa mfululizo, na popote ulipo unawasha au kuzima. Umeme ukikatika kontakta inaachia, ukirudi haishiki mpaka mtu abonyeze, bila kutegemea kipokezi cha mtu yeyote. Kwa kipimo hicho ndiyo bora ya zote nne. Haipotei, haina betri. Nunua visanduku vilivyozibwa dhidi ya vumbi na maji, hewa ya bahari isile ndani.

Inachotaka ni waya mwingi, mabomba ya kupitishia, na siku nzima au mbili za fundi. Ukisogeza mashine unaanza upya. Nyumba ikiwa ya kupanga, unaiachia mwenye nyumba. Na ukiwa mbali na kitufe unatembea, ingawa mara nyingi ni hatua tatu tu.

Ukitazama hali yako

Unafanya kazi peke yako na mashine unazisogeza huku na huku, leo ndani, kesho uani chini ya mwembe: ivae rimoti, kwa klipu, na nyingine iwe kwenye droo.

Mko watatu au wanne, mashine zimekaa, jengo ni la kupanga: kila mashine na rimoti yake kwenye kitako, vitufe viwili, na taa ukutani. Siku ya kuhama mnafungua skrubu na kuondoka nazo.

Jengo ni lako na hutarajii kupanga upya: vitufe vya waya. Gharama inaumiza mara moja tu. Ukitaka kufagia kwa raha, kontakta hiyohiyo inaweza kupokea rimoti moja baadaye, mwambie fundi aache nafasi.

Una wanafunzi, au una mtu ambaye umemwambia mara kumi na bado anapasua bila kuwasha: kihisi kwenye msumeno, hata kama mashine nyingine zinabaki na rimoti. Njia hizi huchanganyika bila ugomvi.

Umeme wa mtaa wenu unakatika mara kwa mara: anza na swichi za sumaku kwenye misumeno yenyewe, kisha chagua kati ya waya na rimoti iliyojaribiwa.

Na kama kwa sasa una rimoti moja na fedha ya kuongeza haipo, piga msumari ukutani karibu na mlango, uupake rangi nyekundu, rimoti italala hapo. Jioni tunafagia, tunajaza maranda, kisha mmoja anaangalia msumari. Hauna rimoti, gunia halifungwi.